Wageni wa Kiangazi

Kuna picha iliyopigwa Newstead Abbey, jumba la kale la mashambani huko Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kiangazi cha mwaka 1874. Wamo watoto wawili wa Dkt. David Livingstone, Agnes na Tom, pamoja na kasisi aitwaye Horace Waller. Wamo pia wanaume wawili Waafrika, James Chuma na Abdullah Susi. Wana makaratasi na ramani za marehemu. Ukiitupia jicho tu utadhani ni watu wenye nafasi zao wametoka kupunga upepo wikendi na wageni wao. Itazame tena. Hawa watu wako kazini.

Naiandika habari hii nikiwa Kisauni, na kuna sababu. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, haipiti muda makanga anaanza kupiga kelele, "Kengeleni, Kengeleni wa kushuka!" Na kengele yenyewe ipo pale njia panda, matatu na tuktuk zikiipita kutwa kucha, wengi wetu tukishuka bila kuinua macho. Tukiwa wadogo tuliambiwa ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu kila jahazi la watumwa lilipoonekana. Mtaa wenyewe kwenye makaratasi ya serikali ni Frere Town. Sir Bartle Frere alikuwa bwana mkubwa wa Kiingereza, na hakuwahi kuwa mkazi wa huku. Lakini wapo watu waliokaa hapa kweli, wakalima hapa na kusali hapa, na kabla ya hapo walikuwa wameibeba maiti ya Livingstone kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara. Hadithi ya jumba la Newstead na hadithi ya Kengeleni ni moja. Kwa kawaida inasimuliwa kutoka upande wa wenyeji wa lile jumba. Mimi nataka kuisimulia kutoka upande wa wageni.

Tuanze na Chuma. Alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa bado mtoto, alikuwa kwenye msafara wa watumwa karibu na mto Shire, nchi tunayoiita leo Malawi, wakati Livingstone na Askofu Mackenzie walipokuwa wakiwafungua watu kwenye misafara hiyo. Akapelekwa kwenye kituo kipya cha misheni huko Magomero. Pale Magomero kulikuwa na kijana wa Kiingereza ambaye bado hajawa kasisi, kazi yake kusimamia mambo ya kituo. Jina lake Horace Waller. Liweke kichwani hilo, tutalirudia.

Susi yeye alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, upande wa Msumbiji. Hakuwa mtoto wa kuokolewa. Alikuwa mtu mzima aliyeajiriwa kazi ya meli mwaka 1863. Mwaka uliofuata wote wawili walivuka Bahari ya Hindi na Livingstone hadi Bombay, kwenye kimeli kidogo, Lady Nyassa, kilichotengenezwa kwa ajili ya ziwa. Bombay Chuma akaingia shule ya Wamisionari wa Kiskoti, akajifunza Kiingereza, akabatizwa 1865. Susi akafanya kazi bandarini. Mwaka 1866 Livingstone aliporudi Afrika kwa safari yake ya mwisho, wote wawili walikuwa naye.

Miaka iliyofuata imeandikwa sana, kwa hiyo sitakaa hapo. Ila jambo moja huwa linarukwa. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, watu wake wengi walimgomea. Walikuwa wamechoka na njia isiyoisha. Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliogoma. Livingstone akaenda na wachache, akarudi, akawapokea tena, na kwenye shajara yake akaandika kwa maneno yake kwamba hakuwalaumu sana, maana hata yeye alikuwa amechoka. Napenda kisa hiki. Kinatuonyesha watu wenye akili zao na miguu yao, wanaojua kusema "hapa basi." Halafu mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipoingia Ujiji kumtafuta mzee, mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza katikati ya umati ule alikuwa Susi. Stanley alishtuka. Sote tunaikumbuka salamu ya Stanley kwa Livingstone. Ya Susi ilitangulia.

Stanley alipofika pwani alituma watu wengine wa kumsaidia Livingstone, na ndani yao walikuwamo vijana sita waliosomeshwa Nasik, India. Nao walikuwa Waafrika waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakapelekwa shule ya misheni ya CMS na kupewa majina ya Kiingereza. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright. Mwingine alikuwa Matthew Wellington, ambaye kabla ya kuitwa hivyo alikuwa Chengwimbe. Wote wawili walikuwa Wayao kama Chuma.

Livingstone alifariki kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Kijana Majwara, aliyekuwa akimlinda usiku, alikwenda kumwamsha Susi. Wakamkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha poa. Watu wale wangeweza kumzika pale pale na kwenda zao. Hakuna ambaye angewauliza. Waliamua vinginevyo. Walitoa moyo na matumbo wakazika chini ya mti, Wainwright akasoma sala za maziko, maiti ikatiwa chumvi na kuanikwa juani kwa siku kadhaa, kisha ikafungwa ili ionekane kama mzigo wa kawaida wa msafara. Wainwright akachonga mti. Alichonga jina la Livingstone na tarehe, na chini yake majina ya wakubwa watatu wa msafara: Yazuza, Mniasere, Uchopere. Lake hakuliweka.

Nadhani ule mti ndio ulikuwa mahali pa kwanza ambapo majina yao yalisimama sawasawa na la mzee, herufi kwa herufi, kwa mkono wa mmoja wao. Kipande cha mti huo kilikatwa baadaye na sasa kiko London, kwa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia.

Kutoka Chitambo hadi Bagamoyo waliteremka miezi tisa hivi. Njiani Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na afisa wa Kiingereza, Luteni Cameron, akawashauri wamzike pale, kazi imetosha. Wakakataa. Kwingine wenyeji walipopinga maiti kupitishwa kwenye nchi yao, walifunga mzigo wa uongo, wakajifanya wameurudisha nyuma kwenda kuzikwa, na mzigo wa kweli ukaendelea mbele umefungwa kama robota la nguo. Yaani hawa watu walikuwa na mbinu. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Maiti ikachukuliwa na manowari, wao wakalipwa mishahara yao Zanzibar, wakaambiwa ahsanteni. Kwisha. Waliobeba hawakuitwa kwenye mazishi.

Isipokuwa mmoja. CMS, waliokuwa na shule ya Nasik, walilipa nauli ya Wainwright, akasafiri na jeneza hadi Southampton. London daktari aliitambua maiti kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliowahi kuvunjwa na simba miaka thelathini nyuma. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, na kati ya watu wanane walioshika pembe za kitambaa cha jeneza, Wainwright alikuwa mmoja, pamoja na Stanley, Waller, Dkt. Kirk wa Zanzibar na mwenye jumba la Newstead, William Frederick Webb.

Waller na wenzake walilalamika kwamba ameletwa mtu asiye sahihi. Wainwright alikuwa na Livingstone kwa miezi tu. Chuma na Susi walikuwa naye miaka minane. Hesabu yao ni ya kweli, lakini mimi sioni haja ya kumshusha huyu kijana. Yeye ndiye aliyesoma sala, ndiye aliyechonga mti, na ndiye aliyeandika shajara ya safari ile kwa mkono wake. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka ule ule wa 1874, kwa Kijerumani! Muswada wake umewekwa mtandaoni mwaka 2019, na leo unaweza kuusoma ukiwa ndani ya matatu. Nina shaka kwamba kilichowaudhi mabwana wale ni kwamba Wainwright alikuja na kalamu yake mwenyewe.

Basi James Young akaingilia kati. Huyu alikuwa tajiri wa Kiskoti aliyetajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa, rafiki wa Livingstone tangu ujana. Akatoa nauli, na Chuma na Susi wakafika Uingereza wakati mazishi yamekwisha pita. Sasa ndipo ile ziara ya mashambani inapoanza.

Waller, yule kijana wa Magomero, sasa alikuwa kasisi wa Twywell, kijiji kidogo cha Northamptonshire, na alikuwa amepewa kazi ya kuzihariri shajara za mwisho za Livingstone. Mbele yake kulikuwa na madaftari, vipande vya karatasi, majina ya mito na machifu asiowajua, na kubwa zaidi, pengo. Livingstone hakuweza kuandika habari za kifo chake mwenyewe. Siku za mwisho, usiku ule, mti, chumvi, mzigo wa uongo: hakuna kati ya hayo yaliyokuwa kwenye daftari la mzee. Yalikuwa kwenye vichwa vya watu. Chuma na Susi wakakaribishwa kwenye nyumba ya kasisi.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye huku Kisauni siku hizi yuko Kettering, analea wazee. Nilipomwambia ninachoandika, akasema, "Kwani Twywell si hapo tu?" Jumamosi moja asiyokuwa zamu akaenda, akanitumia ujumbe wa sauti. Nyumba za mawe, kanisa dogo la Mtakatifu Nikolasi, mashamba, kondoo. "Kimya, shoga yangu, kimya mpaka unasikia damu yako masikioni. Hapa ukipiga chafya kijiji kizima kinajua umekuja." Halafu akacheka, akaniambia alipita dirishani kwa mtu, pazia likasogea. Miaka mia moja na hamsini na ushei iliyopita nadhani mapazia yalisogea zaidi.

Jaribu kuwaona. Ni kiangazi, jua linachelewa kuzama. Kijiji cha wakulima wa Kiingereza, na ndani ya nyumba ya kasisi wamo watu wawili walioijua Zambezi, Bombay, Ujiji na Manyema. Kwa kutembea duniani, hakuna mtu pale kijijini aliyewakaribia, hata mwenyeji wao. Na Chuma na Waller hawakuwa wageni kwa wenzao. Mara ya kwanza kuonana, Chuma alikuwa mtoto aliyetoka kwenye kamba. Sasa ni kijana wa miaka kama ishirini na minne hivi, anaulizwa maswali na mtu aliyemwona akilishwa uji. Mtu akikuona ukiwa mdogo, heshima yake kwako ina dari. Sisi wote tuna mjomba wa namna hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Mto huu unaelekea wapi? Tulivuka hapa au pale? Nani alikufa wapi? Mvua ilianza lini? Waller anaandika. Kitabu kilichotoka, Shajara za Mwisho za David Livingstone katika Afrika ya Kati, juzuu mbili, kilichapishwa na John Murray mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1874. Kwenye ukurasa wa jina imeandikwa kwamba masimulizi ya dakika zake za mwisho na mateso yake yalipatikana kutoka kwa watumishi wake waaminifu, Chuma na Susi. Kwa wakati ule, hiyo haikuwa heshima ndogo. Waandishi wengine wa safari wasingewataja kabisa.

Lakini fikiri kilichotoka pale. Ile taswira ya Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, mshumaa unawaka, ndiyo iliyomfanya mtakatifu wa Waprotestanti. Ilichorwa, ikahubiriwa, ikawekwa kwenye vitabu vya shule za Jumapili dunia nzima, na harakati za kufunga biashara ya watumwa Afrika Mashariki ziliitumia kuchangisha pesa na kusukuma siasa. Taswira hiyo haikutoka kwa Mwingereza yeyote, maana hakukuwa na Mwingereza aliyeiona. Ilitoka midomoni mwa Chuma na Susi, kiangazi kile, kwa kalamu ya Waller. Walisimulia yapi mengine ambayo kalamu iliyaacha? Waller alikuwa mhariri mkali, na mtafiti Dorothy Helly alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha 1987 jinsi alivyopunguza na kulainisha shajara zenyewe ili mzee atoke msafi. Aliyeyanyoosha maneno ya Livingstone mwenyewe hakukosa kuyanyoosha na ya watumishi wake. Hiyo ni hukumu yangu, nami nasimama nayo.

Kutoka Twywell wakawa wageni wa Newstead. Hili si jumba la kawaida. Lilikuwa nyumba ya watawa kabla ya kuwa mali ya ukoo wa mshairi Byron, na bustani yake bado ina kaburi la mbwa wake. Webb alilinunua. Ujanani alikuwa mwindaji huko kusini mwa Afrika, na Livingstone alimsaidia alipougua njiani, urafiki ukaanzia hapo. Mwaka 1864 na 1865 Livingstone alikaa Newstead miezi mingi akiandika kitabu chake cha Zambezi. Kwa hiyo Chuma na Susi walipofika, waliingia kwenye nyumba ambayo mzee alipata kuwa mgeni kabla yao. Binti mmoja wa Webb, Augusta Fraser, aliandika kitabu kizima kuhusu Livingstone na Newstead mwaka 1913. Miaka karibu arobaini imepita na bado nyumba ile inazungumzia wageni wake.

Na hapa pana jambo ambalo likinijia huwa nacheka peke yangu. Livingstone alikuwa na tabia ya kuipa mito majina ya marafiki zake. Lualaba aliuita Mto wa Webb. Tawi jingine akalipa jina la Young, yule yule wa mafuta ya taa. Lufira akaupa jina la Bartle Frere, yule yule wa Kengeleni yetu. Sasa Chuma na Susi walikuwa wamefika Lualaba yenyewe, huko Manyema. Walikuwa wamekunywa maji yake na kulala kando yake. Leo wamekaa bustanini kwa bwana Webb mwenyewe, ambaye mto wake hajawahi kuuona, wanamweleza ulivyo. Webb angeweza kuwauliza, "Enhe, mto wangu uko vipi?" Mito ile ilikuwa na majina kabla ya Livingstone, na majina hayo hayo ndiyo iliyo nayo leo ukifungua ramani ya Kongo. Lualaba. Lufira. Mto wa Webb umebaki kwenye vitabu.

Walikwenda pia Scotland, kwenye shamba la Young huko Kelly, karibu na Wemyss Bay, na hapo wakajenga kibanda kama kile alichofia Livingstone. Sijui kwa nini hili linanigusa kuliko mengine yote. Labda kwa sababu mikono ilisema bila Waller kuandika. Miti ya Scotland, nyasi za Scotland, ukubwa ule ule, mlango ule ule. Matajiri wanasimama kando wanatazama. Wao wawili tu ndio wanaojua ndani ya kibanda kile palikuwaje usiku ule.

Walipata nini? Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, ambayo rais wake tangu 1873 hadi 1874 alikuwa Frere, ilitengeneza nishani 60 kwa waliomleta mzee pwani, zimeandikwa maneno yenye maana ya mwaminifu hadi mwisho. Chuma na Susi walipewa zao kule kule Uingereza. Nishani nyingine zilipofika Zanzibar mwaka uliofuata, wenye nazo walikwisha kutawanyika, kila mtu na msafara wake mpya, na wengi hawakuzipata kamwe. "Mwaminifu" ni neno zuri, lakini lina kazi yake. Ukimwita mtu shahidi, lazima umsikilize. Ukimwita mtaalamu wa njia, lazima umlipe kama mtaalamu. Ukimwita mwaminifu, unamshika bega, mambo yanaisha. Na waliogoma mwaka 1868 hawaingii kwenye neno hilo vizuri, ingawa ni watu wale wale.

Kuna ambao hata nishani hazikuwatosha kuwaingiza kwenye hadithi. Halima, mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda, alitembea njia ile yote. Mzee aliandika kwamba wakifika Zanzibar atamnunulia nyumba na bustani. Ntaoeka, mke wa Chuma, naye alikuwamo safarini. Hakuna aliyewalipia nauli ya kwenda Newstead. Mumewe alikwenda kunywa chai na mabwana, yeye akabaki pwani.

Oktoba 1874 Chuma na Susi walikuwa wamekwisha rudi Zanzibar. Hapo ndipo maana ya ile ziara inapoonekana kwao wenyewe, maana hawakukaa kuilia. Walifanya biashara ya kile walichokijua. Chuma akawa kiongozi wa misafara anayetafutwa, akampeleka Askofu Steere hadi nchi ya Wayao mwaka 1875, na mwaka 1879 akauongoza msafara ambao mkuu wake, Keith Johnston, alifia njiani na kumwacha kijana Joseph Thomson, mwenye miaka ishirini na moja, na watu zaidi ya mia. Thomson alirudi salama, na hakuficha kwamba ni kwa sababu ya Chuma. Susi akaenda Kongo na Stanley, miaka ile kituo cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kilipokuwa kikijengwa. Chuma alifariki Zanzibar 1882, kifua kikuu, bado kijana. Susi alibatizwa 1886 akachagua kuitwa David, akafa Zanzibar 1891.

Na Kisauni? Novemba 1874, William Salter Price, aliyeiongoza ile shule ya Nasik, alifika Mombasa kwa niaba ya CMS. Mwaka 1873 Frere alikuwa amekwenda Zanzibar kushinikiza mkataba wa kufunga soko la watumwa, na sasa watu wanaotolewa kwenye majahazi walihitaji mahali pa kukaa. Mwaka 1875 Price akanunua ardhi bara, upande wa pili wa maji, huku Kisauni. Pakaitwa Frere Town. Ni wakati ule ule ambapo kitabu cha Waller kilikuwa kinasomwa Uingereza na machozi yanamwagika makanisani. Machozi yale na michango ile ndiyo iliyonunua minazi na mawe ya huku kwetu. Ndiyo maana nasema lile meza la Twywell linatuhusu. Masimulizi ya watu wawili kwenye nyumba ya kasisi yaligeuka pesa, pesa zikageuka mtaa.

Wainwright alikuja kufanya kazi huku kwa muda na misheni, kisha akaenda zake bara, Uganda, na mwisho Urambo, alikofia 1892. Watu wa Nasik, waliokuja kuitwa Wamisheni pamoja na wale waliotolewa majahazini, ndio waliokuwa walimu, mafundi na wahubiri wa mwanzo wa Frere Town na Rabai. Chuo cha wachungaji kilichoanzishwa hapa 1888 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wanafunzi wake wengi hawajui kwamba chuo chao ni mtoto wa Kisauni.

Wiki iliyopita nilisimama pale njia panda nikamuuliza mama mmoja muuza mahamri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza hii kengele ni ya nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bahari ni ya nani. "Ya Wamisheni, mwanangu. Babu zao waliletwa na majahazi." Na Frere? "Frere ndo nani?" Akanifungia mahamri ya ishirini.

Matthew Wellington aliwazidi wote umri. Alikaa Frere Town na Mombasa, wenzake wa ule msafara wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki hadi 1935. Miaka mitano kabla hajafa, mmisionari mmoja, W. J. Rampley, alichapisha kitabu kidogo kuhusu maisha yake, na jina la kitabu linamtaja kuwa ndiye kiungo pekee kilichobaki hai na Dkt. Livingstone. Wakati huo alikuwa amekaa Mombasa zaidi ya nusu karne, na na Livingstone miezi tisa. Kwenye jalada ni Matthew Wellington. Chengwimbe haikuwekwa hapo.